Umeongeza RAM, kompyuta ikagoma kuwaka: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea ThinkPad T440 yake, kaifunga kwenye kanga kama anabeba mtoto mgonjwa. "Fundi, nimeambiwa ubao mama umeungua." Siku mbili kabla alikuwa ameongezewa RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 8, maana mashine ilikuwa ikiganda kila anapoandaa matokeo ya wanafunzi. Tangu siku hiyo taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi tii. Aliyemfungia RAM alimshauri anunue laptopu nyingine.

Nilifungua kifuniko cha chini, nikaichomoa RAM mpya, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Alama ya Lenovo ikatokea.

Ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote, haukuwa umeungua, na RAM nayo haikuwa mbovu. Ila viwili hivyo haviendani. Naandika mwongozo huu kwa sababu nimeona laptopu nzima nyingi mno zikitupwa au kuuzwa kama vipuri kwa kosa la namna hii. RAM ikiingia kwenye sloti (nafasi yake kwenye ubao) bila kulazimishwa, mtu huamini kwamba inafaa. Sloti haijui mambo ya volti, wala haijui chipu zimepangwaje.

Kabla ya kushika bisibisi: inafia wapi?

Washa mashine, utazame kwa makini inafika wapi kabla ya kuanguka. Hapo ndipo nusu ya jibu ilipo.

Ikiwa kioo hakionyeshi chochote, hata alama ya kampuni haitokei, huku mashine ikilia au taa zikimeta kwa mpangilio fulani, basi ubao umeshindwa kuitambua RAM. Windows haihusiki kabisa hapo, kwa hiyo asije mtu akakufomatia diski.

Ikiwa alama ya kampuni inatokea, BIOS (programu ya ubao inayotangulia Windows) inaonyesha idadi sahihi ya GB, halafu mashine inajizima na kujiwasha pale duara la Windows linapozunguka, au inaleta skrini ya bluu, RAM imetambuliwa lakini huenda ina chipu mbovu au inaendeshwa kwa kasi isiyoiweza. Pia inawezekana Windows inajaribu kuamka na kumbukumbu za usingizi wa zamani. Hilo nitalieleza mbele.

Ikiwa unaandikiwa kwamba hakuna diski ya kuwashia, au skrini ya bluu inasema INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, iache RAM kwanza. Pengine waya wa diski ulilegea wakati wa kufungua, au mipangilio ya BIOS imebadilika.

Na ikiwa inafika hadi kwenye Windows, ikafanya kazi dakika kumi kisha ikaanguka, jiandae kwa kazi ya subira. RAM yenye kosa dogo husumbua kuliko iliyokufa moja kwa moja.

Hesabu milio na mimeto, uiandike kwenye karatasi. Kwenye laptopu nyingi za Dell za miaka ya karibuni, taa humeta rangi ya kahawia-njano kisha nyeupe: mbili kwa tatu maana yake RAM haikuonekana, mbili kwa nne RAM imeonekana lakini imeshindwa, mbili kwa tano RAM iliyowekwa si ya aina inayokubalika. Kompyuta nyingi za mezani za HP za zamani humeta nyekundu mara tano na kulia mara tano RAM ikiwa na tatizo. Milio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya toleo na toleo, kwa hiyo tafuta kitabu cha huduma cha modeli yako hasa kwenye tovuti ya kampuni. Usitumie jedwali la milio la mashine nyingine.

Jambo moja la kutuliza moyo: mashine zinazotumia DDR4, na hasa DDR5 (vizazi vipya vya RAM), zikiwekewa RAM mpya hukaa kwanza na kioo cheusi huku zikijifunza namna ya kuwasiliana nayo. Kwenye kompyuta za mezani za Ryzen (prosesa za AMD) zenye DDR5 hali hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukizima katikati unairudisha mwanzo. Subiri robo saa ndipo useme imegoma.

Hatua ya 1: rudisha kama ilivyokuwa

Zima kabisa. Chomoa chaji, toa betri. Kama betri iko ndani, kama kwenye T440, ingia BIOS kabla ya kufungua, nenda Config, kisha Power, uchague Disable built-in battery. Mashine itajizima na umeme wa betri utakatwa mpaka utakapochomeka chaji tena. Kwa mashine isiyo na chaguo hilo, fungua kifuniko na uchomoe jeki ya betri kwenye ubao. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Watu wengi huruka sehemu hii, na kuchomeka RAM kwenye ubao wenye umeme ndiko kunakoweza kuua kitu kweli.

Gusa chuma kitupu kabla ya kushika RAM, uishike kwa kingo zake. Chomoa ile mpya, rudisha ya zamani kwenye sloti ile ile iliyokuwemo. Unganisha umeme, washa.

Ikiwaka, pumua. Mashine yako ni nzima, na sasa unatafuta kasoro kwenye kitu kimoja tu. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje sasa hivi, kabla hujaendelea. RAM mbovu haiishii kuangusha Windows: inaweza kuandika data iliyoharibika kwenye diski, ukaja kugundua wiki mbili baadaye kwamba tasnifu haifunguki.

Isipowaka hata kwa RAM ya zamani, usikimbilie kuhukumu ubao. Chomoa RAM zote, safisha kama nitakavyoeleza hatua ya 3, kisha toa kile kibetri cha BIOS, CR2032, kwa dakika tano na ukirudishe. Ukifanya hivyo saa na tarehe vitarudi nyuma. Virekebishe, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka na utadhani ni tatizo jipya. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), kumbuka kwamba kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows idai ule ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla, kupitia simu au mashine nyingine.

Hatua ya 2: soma kibandiko, neno kwa neno

Hapa ndipo kesi nyingi huishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa kuwa mkato ulio kwenye ukingo wa dhahabu uko mahali tofauti. RAM ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, ya DDR4 ina 260, ya DDR5 ina 262. Ukiona mkato hauendi sawa na kile kigingi cha kwenye sloti, acha. Usisukume.

Hatari iko kati ya DDR3 na DDR3L. Hizi zina umbo moja, pini 204 zote mbili, mkato mahali pamoja. Tofauti yake ni volti: DDR3 hutumia 1.5, DDR3L hutumia 1.35. Laptopu za Intel za kizazi cha pili na cha tatu zilitengenezwa kwa 1.5. Za kizazi cha nne, kama T440, HP EliteBook 840 G1 na Dell Latitude E7440, zinataka 1.35. Ndizo hizo hizo tunazouziwa kwa wingi kama mtumba kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, na ndiyo maana tatizo hili halituishi. Kwenye kibandiko tafuta herufi moja tu: PC3-12800S ni ya volti 1.5, PC3L-12800S ni ya 1.35. Hiyo L ndiyo iliyomkosesha usingizi yule mwalimu.

Kinyume chake si tatizo: DDR3L imeundwa kuweza kufanya kazi kwenye volti 1.5 pia. Kwa hiyo ukiwa dukani na hukumbuki laptopu yako ni kizazi gani, chukua yenye L.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. S ni RAM fupi ya laptopu. U ni ya kawaida ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva, na hii imeenea sana madukani kwa bei ya kuvutia kwa sababu seva kuukuu zinavunjwavunjwa. RAM ya R inaingia kwenye sloti ya DDR3 ya kompyuta ya mezani bila shida yoyote, na kompyuta haiwaki. Hakuna mpangilio wa BIOS utakaokuokoa. Irudishe.

Kisha hesabu chipu zile nyeusi. Mbao za mezani za zamani zenye chipseti ya Intel G41 zinataka RAM ya GB 4 iwe na chipu 16, nane kila upande. Ukiweka ya chipu nane pekee, mashine hugoma au husoma pungufu. Vivyo hivyo kuna RAM za bei ya chini zilizoandikwa kwamba ni za AMD tu. Muuzaji akikwambia hata Intel itakubali, mwombe awashe mbele yako. Na kwa wenye laptopu ya kizazi cha nne wanaotamani kijiti kimoja cha GB 16 cha DDR3L: mashine hiyo haikisomi. Mwisho wake ni GB 8 kwa kila sloti.

Kuchanganya kampuni tofauti, au GB 4 na GB 8, kwa kawaida hakuna ubaya. Zote zitakimbia kwa mwendo wa ile iliyo polepole. Lakini ukishindwa kupata jibu baada ya hatua zote, mchanganyiko huo nao uutilie shaka.

Hatua ya 3: ikae sawasawa, na iwe safi

Kwenye laptopu, RAM huingizwa ikiwa imeinama, kama nyuzi 30 hivi, husukumwa mpaka meno ya dhahabu yakaribie kumezwa yote, ndipo hulazwa chini hadi vishikizo vya pembeni viseme "tik". Kosa la kawaida ni kuilaza kabla haijazama. Inaonekana imekaa, kumbe meno hayajagusana. Kwenye kompyuta ya mezani sukuma kwa vidole gumba viwili, pande zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu kuliko utakavyodhani inafaa, huku ubao ukiwa umelala juu ya kitu kigumu.

Sisi tunaoishi ukanda wa pwani tuna adui wa ziada. Hewa yenye unyevu na chumvi, ikichanganyika na vumbi, huacha utando kwenye meno na ndani ya sloti. Futa meno ya RAM kwa kifutio cheupe laini cha penseli, taratibu, kwa kufuata urefu wa meno, kisha pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili. Sloti isafishe kwa brashi laini kavu. Msasa usiuguse, petroli usiitumie, na usipulize kwa mdomo: mate ni maji na chumvi.

Hatua ya 4: moja moja, sloti moja moja

Chukua RAM ya zamani uiite A, mpya uiite B. Weka B peke yake kwenye sloti ya kwanza, washa. Kisha B peke yake kwenye sloti ya pili. Kisha A kwenye kila sloti. Kila mara chomoa umeme kwanza. Andika matokeo, kwa sababu ukifika jaribio la tatu kichwa kitakuwa kimeshachanganya.

B ikigoma kwenye sloti zote wakati A inakubali, kasoro ni ya B au aina yake haifai. Zote zikigoma kwenye sloti moja, tatizo ni la sloti. Ichunguze kwa tochi, utafute pini iliyopinda. Zote zikikubali peke yake lakini zikagoma zikiwa pamoja, hazipatani: zipe kasi ya chini kwenye BIOS kama mashine inaruhusu, au nunua jozi inayofanana.

Kwenye ubao wa mezani wenye sloti nne na RAM mbili, mara nyingi zinazotakiwa ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Kitabu cha ubao kitasema. Na laptopu kama T440 ina GB 4 zilizochomelewa kwenye ubao pamoja na sloti moja. Hapo jaribio lako ni rahisi, ukichomoa ya kwenye sloti zinabaki zile zilizochomelewa.

Hatua ya 5: BIOS

Kwa kompyuta za mezani zenye RAM za kasi kubwa, zima XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS ya kuikimbiza RAM kuliko kawaida. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni mwendo wa kulazimishwa, na si kila prosesa inaubeba. Mashine ikitulia baada ya kuzima, RAM yako ni nzima. Ibaki kwenye mwendo wa kawaida au upandishe kidogo kidogo.

Kusasisha BIOS husaidia kweli, hasa kwenye mbao za mwanzo za Ryzen. Lakini fanya hivyo ukiwa na RAM ya zamani iliyothibitishwa, kamwe usifanye na ile unayoishuku. Na umeme uwe wa uhakika: laptopu iwe na betri iliyojaa na chaji imechomekwa, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza kufa kweli.

Ukikuta ile INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE baada ya kutoa kibetri, ingia BIOS uangalie mambo mawili: diski iko AHCI au RAID (namna ubao unavyowasiliana na diski), na mashine inawaka kwa UEFI au Legacy (njia mpya au ya zamani ya kuwasha). Virudishe vilivyokuwa. Hiyo inatosha, hakuna haja ya kufomati.

Hatua ya 6: ipime usiku kucha

RAM ikitambuliwa lakini Windows ikaanguka kwa MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, au kila mara kwa jina jipya, ni wakati wa kipimo. Ukiona majina ya makosa yanabadilika ovyo, hiyo nayo ni dalili ya RAM.

Windows ina kipimo chake: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched. Ni kipimo chepesi. Kikikuta kosa, kiamini. Kisipokuta, usikiamini sana. Cha uhakika zaidi ni MemTest86 au Memtest86+, vyote vinapatikana bure na huwekwa kwenye flashi. Washa mashine kupitia flashi hiyo: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Memtest86+ inaweza kudai uzime kwanza Secure Boot, kinga ya BIOS inayozuia programu zisizotambulika kuwasha mashine.

Acha ikamilishe mizunguko minne angalau. Inaweza kuchukua saa nyingi kutegemea ukubwa wa RAM, kwa hiyo iwashe wakati wa kulala. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM, isipokuwa kama ni kwenye jaribio la 13 la MemTest86 pekee, ambalo hupiga RAM kwa namna isiyotokea katika kazi za kawaida. Piga picha ya skrini yenye makosa, kisha rudia kwa RAM moja moja ili ujue mwenye kosa ni nani.

Hatua ya 7: RAM ni safi, Windows ndiyo inayoanguka

Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukibadilisha RAM katikati ya usingizi huo, inaweza kuamka ikitafuta nyumba ambayo haipo. Rudisha RAM ya zamani, washa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha shutdown /s /t 0. Sasa imezimika kweli. Weka RAM mpya, washa. Ningependa kila fundi aizoee hatua hii kabla ya kuongeza RAM, maana inaepusha safari nyingi za bure.

Kama mashine ilishaanguka mara nyingi, mafaili ya Windows huenda yameumia. Ukiwa na RAM uliyoithibitisha, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow.

Na ukiona GB 3 na kitu wakati umeweka 8, angalia kama Windows yako ni ya biti 32; hiyo haivuki GB 4. Kama ni ya biti 64, fungua msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options, uondoe tiki kwenye Maximum memory.

Ukienda kurudisha RAM

Beba picha ya kibandiko cha RAM, picha ya makosa ya kipimo kama yapo, na laptopu yenyewe. Mwombe muuzaji aweke RAM mbadala mbele yako, aingie BIOS, muone GB zote kwa pamoja. Dakika tano hizo mwuzaji mwaminifu hatazikataa.

Yule mwalimu nilimwandikia kwenye karatasi: GB 8, PC3L-12800S. RAM aliyokuja nayo niliifunga kwenye bahasha nikaandika juu, "Nzima. Volti 1.5." Dukani waliibadilisha. BIOS ya T440 yake sasa inasoma MB 12288, na kipimo cha usiku mzima hakikuleta kosa hata moja.